Sokwe Namba 65 na Haki Yetu ya Kujua

Tarehe 31 Januari 1961 sokwe mmoja alifungwa mikanda kwenye kiti, akawekwa ndani ya roketi pale Cape Canaveral, Florida, akarushwa juu. Safari yake ilichukua dakika 16 na sekunde kadhaa. Chombo kilidondoka baharini, wakamtoa akiwa hai, wakampa tufaha. Kwenye makaratasi ya Jeshi la Anga la Marekani alikuwa anaitwa Namba 65. Lile jina la Ham, ambalo vitabu vya historia ya anga vinalitaja, alitangazwa nalo baada ya kurudi salama. Inaelezwa kwamba wakubwa waliogopa habari mbaya magazetini endapo sokwe mwenye jina angefia huko juu. Namba ikifa nani atalia?

Hii habari niliikuta mwaka wa kwanza, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya asainimenti. Asainimenti nilipata C. Habari ya Namba 65 haijanitoka mpaka leo nikiwa mwaka wa tatu.

Labda ni kwa sababu mimi ni mtu wa Kigoma. Sisi tuliokulia kule, ukipanda boti za abiria pale Kibirizi kuelekea kaskazini, unapita ubavuni mwa Gombe ukiwa umekaa juu ya gunia la mtu, na watu hawageuki hata kutazama. Msitu ni msitu. Kumbe mwaka ule ule sokwe wa Holloman, kule jangwani New Mexico, wanafundishwa kuvuta vishikio kwa kupigwa shoti ya umeme nyayoni wakikosea, Julai 1960, dada wa miaka 26 anaitwa Jane Goodall anateremka kwenye ufuko wa Gombe na daftari lake. Alichofanya yeye ni kuwapa sokwe majina. David Greybeard, Flo, Fifi. Wasomi wa Ulaya walimwona kama mtu asiyejua sayansi, maana mwanasayansi makini anatumia namba. Goodall mwenyewe amesimulia jinsi mhariri alivyoirudisha makala yake ya mwanzo, kila mahali alipoandika sokwe kama mtu wa kike au wa kiume pamebadilishwa pasomeke kama vile anazungumzia kiti.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Kwa Kiswahili mhariri yule angepata shida kweli. Sokwe *amelala*. Huwezi kusema sokwe *imelala*, hata mtoto wa chekechea atakusahihisha. Ngeli ya A-WA imemweka sokwe benchi moja na dereva na profesa, bila kuomba kibali cha jarida lolote.

Sasa kabla hamjaniuliza, kama alivyoniuliza rafiki yangu mmoja wa udaktari tukiwa kantini, "Sokwe wa Wamarekani wanatuhusu nini sisi, bumu lenyewe halijatoka?" Wanatuhusu kwa sababu hawakuwa sokwe wa Wamarekani. Ham alikamatwa Kameruni akiwa mdogo, akauzwa Florida, jeshi likamnunua. Porini Marekani hakuna sokwe. Wale wa mwanzo wote walitoka huku, na mtoto wa sokwe hatoki mgongoni kwa mama yake kwa hiari: kwa kawaida mama anapigwa risasi kwanza. Kwa hiyo kila namba kwenye daftari la maabara mwanzoni kabisa lilikuwa na maiti nyuma yake, na ile maiti haikuandikwa popote.

Hoja yangu leo ni hiyo ya kuandikwa. Wengi tunadhani sokwe wa maabara waliokolewa na huruma. Mimi naona huruma ilikuwepo miaka yote na haikufanya kitu. Kilichobadilisha mambo ni watu wa nje kujua: wako wangapi, wako wapi, wanafanyiwa nini, na kwa sababu gani. Na kila hatua ya kujua kuna mtu alijaribu kuizuia.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinahusu barua ya msomaji. Barua tu, kama zile zinazokuja kwenye gazeti letu hili kulalamikia maji ya hosteli. Miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni ya dawa ya Austria iitwayo Immuno AG ilitaka kujenga kituo Sierra Leone cha kutumia sokwe wa porini kwa utafiti wa homa ya ini. Mama mmoja, Shirley McGreal, kiongozi wa International Primate Protection League, shirika la kutetea nyani na sokwe, akaandika barua kwenye Journal of Medical Primatology. Ikatoka Desemba 1983. Alisema mambo matatu yaliyo wazi: kwamba mpango ule unaonekana kuwa njia ya kukwepa sheria za kimataifa za kuzuia biashara ya sokwe, kwamba ukamataji ungeua mama wengi na kupunguza sokwe waliobaki, na kwamba kuwarudisha msituni sokwe waliokwisha kuambukizwa kungeweza kupeleka ugonjwa kwa wenzao. Mhariri wa jarida, Jan Moor-Jankowski, profesa pale New York University, hakukurupuka. Kabla ya kuichapa aliipeleka kwa kampuni wajibu. Akawapa muda. Badala ya majibu ya hoja zikaja barua za mawakili.

Mwaka 1984 kampuni ikafungua kesi New York, ikidai imekashifiwa, ikiwashtaki watu na kampuni nane na kutaka mamilioni ya dola. Sasa angalieni ilivyokwenda. Mmoja baada ya mwingine walilipa wakatoka, maana kuendesha kesi kulikuwa ghali kuliko kukubali. Hata McGreal, kampuni yake ya bima ilimaliza shauri kwa malipo kinyume na alivyotaka mwenyewe. Akabaki mhariri peke yake. Mzee akakomaa. Miaka ikapita, mahakama ya juu ya jimbo ikampa ushindi, kesi ikapandishwa hadi Mahakama Kuu ya nchi nzima, ikarudishwa chini iangaliwe upya, na Januari 1991 mahakama ile ya New York ikampa tena ushindi. Majaji wakaeleza kwamba ukurasa wa barua za wasomaji ni uwanja wa wananchi kusema juu ya mambo yanayowahusu, na msomaji mwenye akili anajua anasoma maoni ya mtu. Leo kesi ya Immuno dhidi ya Moor-Jankowski inatajwa mahakamani huko katika mashauri ya uhuru wa habari yasiyo na hata harufu ya sokwe. Wenzetu wa sheria wanaweza kuitafuta.

Miaka saba! Kwa barua. Nikiona mtu anasema "andikeni tu, nani anasoma gazeti la wanafunzi", namkumbuka yule mhariri.

Nisionekane nachora picha ya mashetani. Rafiki yangu wa udaktari ana hoja na lazima nimpe nafasi yake. Utafiti kwa sokwe ulisaidia kupata chanjo ya homa ya ini B. Hilo ni kweli, na chanjo hiyo leo iko ndani ya ile sindano ya pentavalenti anayochomwa mtoto kliniki hapa Tanzania. Wadogo zangu wameipata, kadi zao zipo kabatini kwa mama. Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Afrika, Liberia, kwenye kituo cha New York Blood Center kilichoanza miaka ya 1970. Nani atasimama aseme bora isingekuwepo? Mimi sisemi.

Lakini fuatilia kisa cha Liberia mpaka mwisho. Utafiti uliposimama, sokwe zaidi ya 60 waliobaki waliwekwa kwenye visiwa vya mtoni, karibu na bahari. Visiwa vile havina chakula cha kuwatosha wala maji ya kunywa ya kueleweka; wanaishi kwa kuletewa na boti. Mwaka 2015, nchi ikiwa inapigana na Ebola, New York Blood Center ikaacha kutoa fedha za kuwalisha. Walioendelea kupeleka chakula ni wahudumu wa Kiliberia waliokuwa wakiwafahamu sokwe wale mmoja mmoja. Habari ilipotoka kwenye magazeti ya New York, wafadhili wa taasisi wakaanza kuulizwa maswali, watu wakaandamana, na mwaka 2017 taasisi ikakubali kutoa dola milioni 6 huku shirika la Humane Society likichukua jukumu la kuwatunza. Sokwe walikuwa wale wale mwaka 2015 na mwaka 2017. Kilichoongezeka katikati ni watu waliojua.

Marekani kwenyewe ilikuwa hivyo hivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 2010 NIH, taasisi kuu ya serikali ya utafiti wa afya, ilipanga kuwahamisha sokwe wapatao 186 kutoka Alamogordo, New Mexico, kwenda Texas ili warudi kufanyiwa utafiti. Alamogordo iko jirani na Holloman alikofundishwa Namba 65. Sokwe wale walikuwa wamepumzishwa karibu miaka kumi. Mpango ukajulikana. Gavana wa jimbo akapinga, maseneta watatu wakaandika barua kudai tathmini huru, na kazi ikapewa Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo, chombo cha wanasayansi wenyewe. Hawakuwa wanaharakati wenye mabango. Wakaketi hadharani, wakaita watu wa pande zote, wakauliza swali moja la kijinga ambalo kwa miongo mitano hakuna aliyelijibu kwa maandishi: hivi hawa sokwe tunawahitaji kwa kazi ipi hasa?

Ripoti ilitoka Desemba 2011. Ikasema sehemu kubwa ya matumizi ya sokwe katika utafiti wa tiba si ya lazima. Mwaka 2013 NIH ikatangaza kuwastaafisha zaidi ya 300 na kubakiza 50 tu. Juni 2015 serikali ikawaingiza sokwe wote waliofungwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kama wale wa porini. Novemba mwaka huo huo, wale 50 nao wakastaafishwa. Nusu karne ya siri, halafu miaka minne ya kuhesabu kwa sauti, mambo yakaisha.

Na hapo tena rafiki yangu aliniambia, "Basi si sayansi yenyewe ilijirekebisha?" Ndiyo. Ila ilijirekebisha ilipolazimishwa kujibu mbele za watu. Kabla ya hapo sokwe zaidi ya 100 walikuwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI kwenye maabara mbalimbali, na karibu wote hawakuugua ugonjwa wenyewe. Mfano usiofanya kazi uliendelea kulishwa ndizi na kufungiwa kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyekuwa na daftari mkononi la kuuliza faida iko wapi. Goodall mwenyewe aliingia maabara moja ya Rockville, Maryland, mwaka 1987, baada ya kuona mkanda wa video uliotolewa humo kwa siri. Alikuta watoto wa sokwe kwenye masanduku madogo, mmoja mmoja, dirisha dogo tu la kuonekana. Alikuwa ameshaishi na sokwe miaka 27, maarufu dunia nzima, na ilihitaji mkanda wa wizi ndipo ajue kinachofanyika kwa jamaa za Flo na Fifi.

Kuna wanaodhani mlango ukishafunguliwa basi umefunguka. Thubutu. Februari 2017 wizara ya kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo inayokagua maabara, iliondoa ghafla kwenye tovuti yake ripoti za ukaguzi zilizokuwa zinasomwa na yeyote. Maelfu. Ilichukua sheria ya bunge lao ndipo zikarudishwa mwanzoni mwa 2020. Na kule Alamogordo, Oktoba 2019 NIH ikasema sokwe 44 waliobaki ni wazee na wagonjwa mno, hawataenda Chimp Haven, kituo cha Louisiana ambako sheria inataka wakapumzike. Labda madaktari walikuwa sahihi kwa baadhi yao. Sokwe mwenye moyo mbovu safari inaweza kumwua. Lakini mashirika yalitaka uthibitisho, yakaenda mahakamani, na Desemba 2022 jaji wa Maryland akaamua kwamba NIH ilivunja sheria. Muda wote huo sokwe wenyewe walikuwa wanazeeka na kufa mmoja mmoja. Huwezi kumkatia rufaa mzee wa miaka 50.

Hoja nzito zaidi ya wenye maabara, na siidharau, ni usalama. Kumekuwa na watu waliochoma maabara, waliotishia watafiti majumbani kwao. Mtafiti hastahili hiyo. Ila ninachodai mimi hakina anwani ya nyumba ya mtu. Idadi ya wanyama, umri wao, wametoka wapi, wanatumika kwa kazi gani, nani alitoa kibali, wangapi wamekufa na kwa nini, waliobaki wanaenda wapi. Uingereza, ambako vitisho vilikuwa vikali sana, serikali inachapisha takwimu za wanyama wa utafiti kila mwaka, na tangu 2014 vyuo vikuu kadhaa vimesaini makubaliano ya uwazi na vinaweka namba zao kwenye tovuti zao wenyewe. Mwalimu mmoja wa falsafa wa chuo cha Wesleyan kule Marekani, Lori Gruen, alikwenda mbali zaidi. Alikusanya orodha ya majina ya sokwe 100 wa kwanza waliotumika kwenye utafiti nchini humo, kisha akatengeneza nyingine ya 1,000 wa mwisho waliokuwa bado maabara, jina kwa jina, ikionyesha nani ameshatoka. Kazi ya mtu wa sanaa na jamii, sio ya mtu wa maabara. Wanaotuambia kwamba kitivo chetu hakina ajira wasome hapo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu ni rahisi sana kuisema Marekani ukiwa Tanzania.

Mwaka wa pili tulikuwa na praktiko ya kuchana panya. Chuo sikitaji na idara siitaji. Nikamfuata fundi sanifu wa maabara, mzee mmoja mstaarabu sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesahau koti?"

"Hapana mzee. Nilitaka kujua, kwa mwaka tunatumia panya wangapi hapa? Na sungura?"

Akaniangalia kama niliyeuliza mshahara wake. "Kijana, wewe ni wa gazeti?"

Nikamwambia hapana. Kipindi kile ilikuwa kweli.

Akacheka, akanionyesha kaunta buku lenye jalada jeusi juu ya rafu. "Zote zipo mule. Tunaandika vizuri tu. Lakini leta barua kwa mkuu wa idara." Nikapeleka barua. Nimepitia semista tatu, nimefanya na sapu moja, jibu halijaja. Sina ushahidi kwamba kuna baya lolote linalofanyika mule ndani, na nadhani halipo. Mzee yule anawaangalia wanyama wake kwa upendo kuliko baadhi ya walezi wa hosteli. Ndiyo maana ninashangaa: kitu kizuri kinafichwa cha nini?

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016. Ibara ya 18 ya Katiba tunaijua wote, hasa wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi. Chuo cha umma ni mali ya umma pamoja na kaunta buku lake. Naomba bunge letu la wanafunzi, kwenye kikao kijacho, lipitishe ombi moja tu kwa menejimenti: kila mwaka, kwenye ubao na kwenye tovuti, ukurasa mmoja. Wanyama aina gani, wangapi, kwa somo gani au utafiti gani, kamati ipi iliruhusu, na nini kiliwapata mwishoni. Wala lisiishie kwa panya. Kila mwaka wanakuja watafiti kutoka nje na vibali vya kuchukua sampuli za wanyama wetu, damu, kinyesi, nywele, na wengi wanapita kwenye idara zetu. Hilo nalo liandikwe. Gombe wenzetu wamekuwa wakiandika kila siku tangu 1960, na wanaofanya kazi hiyo kila asubuhi ni vijana wa vijiji vya kwetu, wanaomjua kila sokwe, mama yake na bibi yake. Ukimuuliza mmoja wao fulani yuko wapi leo, hakwambii uandike barua kwa mkuu wa idara.

Rafiki yangu wa udaktari amesoma makala hii kabla haijatoka. Amekataa aya mbili na amekubali kusaini ombi. Karatasi ya sahihi iko kwa mwakilishi wa kitivo chetu, Block C, chumba cha chini mkono wa kushoto. Ya kwangu mimi kwa mkuu wa idara, ya pili sasa, naipeleka Jumatatu na nakala nitaipigisha muhuri wa kupokelewa.